Bunduki ya Mark IV na Maji ya Moto



Katika mkutano wetu uliopita, kijana mmoja wa kidato cha tatu alinifuata baada ya chakula akaniuliza swali. Alikuwa amemwona mlinzi mjini ameshika bunduki ndefu yenye mbao mpaka karibu na mdomo wa mtutu, naye akataka kujua kama kitu cha kizamani namna ile chaweza kweli kufyatua risasi. Nilimjibu kwa kifupi kwamba chaweza. Jibu refu nilimwahidi kuliandika katika kurasa hizi, na leo natimiza ahadi. Pamoja na jibu hilo liko jambo langu binafsi ambalo nimelificha kwa miaka mingi.

Bunduki hiyo ni ya ukoo wa Lee-Enfield. Kwetu huitwa Mark IV, na wengine huiita "sirii-noti-sirii" kwa sababu ya kipimo cha risasi yake, nukta 303 ya inchi, yaani kiasi cha milimita 7.7. Mtambo wake wa bolti ulibuniwa na James Paris Lee, na jeshi la Uingereza liliipokea bunduki yenye jina hilo mwaka 1895. Ile tuijuayo sisi ni Namba 4, iliyotengenezwa kwa wingi wakati wa Vita Kuu ya Pili. Ina uzito wa kilo nne hivi. Magazini yake huchukua risasi kumi, zinazoingizwa tano tano kwa kibanio. Kila ukitaka kupiga, sharti uinue mkono wa bolti, uvute nyuma ili ganda litoke, kisha usukume mbele ili risasi mpya iingie chemba. Haipigi mfululizo. Risasi moja, kazi moja ya mkono.

Bunduki za namna hii zilifikaje kwetu? Walipokuja Wajerumani, askari wao wengi walibeba Mauser ya mwaka 1871, iliyopiga risasi moja moja kwa baruti nyeusi. Kila mlio ulitoa wingu la moshi, na adui akajua mpigaji amelala wapi. Novemba 1914, Waingereza waliposhindwa vita vya Tanga, waliacha nyuma mamia ya bunduki zao, na askari wa Wajerumani wakafurahi kupata silaha isiyo na moshi. Baada ya vita ile nchi ikawa chini ya Waingereza, na bunduki zao zikawa ndizo za Keya, yaani jeshi la King's African Rifles lililoundwa mwaka 1902.

Vita Kuu ya Pili ilipozuka, watu wapatao 87,000 kutoka Tanganyika waliingia jeshini. Wengine walipelekwa Uhabeshi, wengine Madagaska mwaka 1942, na wengine Burma. Mwaka 1944 Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki ilipita bonde la Kabaw katika mvua kubwa za masika ya kule, ikisukumana na Wajapani hatua kwa hatua, mpaka Desemba mwaka huo likajengwa daraja la kuvuka mto Chindwin pale Kalewa. Babu yangu mzaa baba alikuwamo katika safari hiyo. Aliandikishwa akiwa kijana wa miaka ishirini hivi, mchunga ng'ombe kutoka Usukuma ambaye hakuwa amewahi kuona bahari.

Baada ya Uhuru mambo yalibadilika. Maasi ya askari ya Januari 1964 yalisababisha jeshi la zamani livunjwe, na tarehe 1 Septemba 1964 likaundwa Jeshi la Wananchi. Silaha mpya zikaja kutoka nchi rafiki. Kisha Mwongozo wa TANU wa mwaka 1971 ukatangaza kwamba ulinzi si kazi ya askari peke yake, ni kazi ya wananchi wote, na mafunzo ya mgambo yakaenea vijijini. Vita vya Kagera vya 1978 na 1979 vilionyesha maana ya maneno hayo, kwani makumi ya maelfu ya wanamgambo waliitwa wakaenda. Hata hivyo, bunduki za zamani hazikutupwa. Chuma kilichotunzwa hakizeeki upesi, na nyingi zilibaki katika mikono ya walinzi na mgambo.

Sasa nije Bukundi.

Nilimaliza kidato cha sita mwaka 2002. Wakati huo Bukundi, iliyomo wilaya ya Meatu, ilikuwa bado mkoa wa Shinyanga, maana mkoa wa Simiyu ulianzishwa mwaka 2012. Kizazi chetu hakikupitia Jeshi la Kujenga Taifa, kwa kuwa mafunzo ya lazima kwa wahitimu yalisimamishwa mwaka 1994 na kurudishwa mwaka 2013. Kwa hiyo nilipokuwa nyumbani nikingojea kwenda Chuo Kikuu, niliona si vibaya nijiunge na mgambo. Tulikuwa wawili tuliosoma shule hii. Mwenzangu sitamtaja jina, ingawa wengi wenu mtamtambua.

Kwa majuma mengi hatukugusa risasi. Tulikimbia alfajiri, tulipiga kwata kwa fimbo, tukajifunza sheria. Bunduki ilipoletwa ilikuwa Mark IV moja kwa kundi zima. Ubavuni ilikuwa na herufi za Kiingereza zilizosema kwamba ni mali ya Marekani, kwa sababu wakati wa vita kiwanda cha Savage huko Massachusetts kiliwatengenezea Waingereza zaidi ya bunduki milioni moja za aina hii. Mkufunzi wetu, askari mstaafu, alitufundisha kwanza kuitazama kama ina risasi, hata kama mtu amekuapia kwamba haina. Fungua bolti, tazama chemba kwa jicho, ingiza kidole. Ndipo uamini.

Alitufundisha kupanga risasi. Risasi hii ina ukingo kwenye kitako chake, na ukingo wa risasi ya juu sharti ukae mbele ya ukingo wa ile ya chini, la sivyo zitakwamana. Alitufundisha pia kwamba bolti ya bunduki moja haihamishwi kwenye nyingine. Namba ya mkono wa bolti na namba ya mwili wa bunduki lazima ziwe moja, kwani kila bolti ilipimwa kwa chemba yake. Katika kulenga alisema tuweke kitako ndani ya bega, si juu yake. Tutazame kwa tundu la nyuma mpaka ncha ya mbele ikae katikati, tutoe nusu ya pumzi, tukamue triga polepole kama mtu akamuaye ziwa la ng'ombe. Kwa kijana wa Kisukuma mfano huo ulitosha. Risasi yangu ya kwanza ilinichubua shavu. Ya tano ilipata shabaha.

Jioni nilimsimulia babu. Alikuwa na miaka themanini, macho yamefifia, lakini mikono yake ilipanda hewani ikafungua bolti isiyokuwapo. Akaniuliza swali moja tu: "Baada ya kupiga, mmeiosha kwa maji ya moto?"

Nilicheka. Nilidhani mzee amesahau, maana maji na chuma ni maadui. Naye akanieleza. Risasi nyingi za zamani zina kiwashio kinachoacha chumvi ndani ya mtutu. Mafuta hayaiondoi chumvi hiyo, huifunika tu, nayo huvuta unyevu wa hewa na kula chuma chini kwa chini. Dawa yake ni maji yanayochemka, yamiminwe kutoka upande wa chemba mpaka yatokee mdomoni. Chuma kikishapata moto hujikausha chenyewe. Kisha hupitishwa kitambaa kikavu kwa kamba yenye kipande cha shaba, ambayo hukaa ndani ya kitako pamoja na kichupa cha mafuta. Mafuta huja mwisho. "Kule Burma," alisema, "tulinyimana maji ya chai ili bunduki ipate."

Mkufunzi naye alitwambia hivyo hivyo. Kwa hiyo siwezi kusema sikujua.

Siku ya mwisho ya shabaha, mwezi Oktoba, zamu ya kusafisha bunduki ilikuwa yangu. Jua lilikuwa linazama, kuni zilikuwa mbali, na vijana wenzangu walikuwa wamekwisha kwenda kucheza mpira. Nilipitisha kitambaa chenye mafuta mara mbili, nje nikaisugua ikang'aa, nikaikabidhi. Ikafungiwa. Mwezi uliofuata mvua za vuli zikaanza.

Usiku mmoja ikapigwa yowe. Ng'ombe wa mama mmoja mjane walikuwa wametolewa zizini. Mwenzangu ndiye aliyekuwa zamu, akaichukua bunduki, nasi tukafuata kwa pinde na tochi. Tulipowakaribia wezi, ambao mpaka leo hawajajulikana, alipiga risasi moja hewani. Kisha nikamsikia akihangaika na bolti. Ganda lilikuwa limeng'ang'ania ndani ya chemba, bolti haifunguki. Wale watu walisikia mlio mmoja, wakangoja wa pili, hawakuusikia. Wakageuka. Mshale ulimpata mwenzangu pajani. Ng'ombe saba walikwenda na hawakurudi, na kati yao walikuwamo wale wawili wa kukokota jembe la yule mama.

Asubuhi ganda lile lilitolewa kwa kugongwa na ufito kutoka mdomo wa mtutu. Lilikuwa na mikwaruzo na vumbi jekundu la kutu. Nilimpelekea babu. Alilipapasa kwa vidole, akanirudishia bila kusema neno, akaenda kuinjika maji. Siku ile tuliisafisha bunduki sisi wawili, mbele ya mkufunzi. Watu walisema ni uzee wa silaha. Nami nikawaacha waseme hivyo.

Babu alifariki mwaka 2009 nikiwa sijamsikia akilitaja tena jambo hilo. Mwenzangu alipona, ila hutembea akivuta mguu kidogo. Miaka mingi baadaye, katika mkutano wetu mmoja, nilimwomba tukae kando nikamweleza yote. Akanisikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema: "Kosa la kwanza lilikuwa lako. La pili lilikuwa langu, maana niliipokea bila kuitazama ndani." Ndiye aliyenipa ruhusa niandike haya.

Ndugu zangu wanafunzi, sikuyaandika ili mpende bunduki. Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015 inaeleza ni nani aruhusiwe kuwa nayo na kwa masharti gani, na ndivyo ipasavyo. Wengi wenu mtakutana nayo kwa mara ya kwanza katika Jeshi la Kujenga Taifa, chini ya mkufunzi. Lakini utumishi wangu wa serikali umenionyesha kwamba kazi nyingi zina mfano wa bunduki ile. Daftari la hesabu, kisima cha kijiji, faili la mwananchi, vyote vyaweza kung'arishwa nje vikakabidhiwa huku ndani vinaliwa. Atakayeumia si yule aliyekabidhi, bali yule atakayevihitaji usiku.

Kwa hiyo, kijana uliyeniuliza, jibu langu refu ni hili. Bunduki ile ya zamani yafyatua vizuri kabisa, mradi kila aliyeishika kabla yako alichemsha maji.