Luther, Karlstadt na Haki ya Kusikilizwa

Tarehe 17 Aprili 1521 Martin Luther alisimama mbele ya Kaisari Karl wa Tano mjini Worms. Alipotakiwa kuyakana maandishi yake aliomba muda wa kutafakari, naye akapewa siku moja. Hukumu iliyofuata ilikuwa dhidi yake. Lakini alikuwa amesikilizwa. Habari hiyo twapenda kuisimulia. Ya Andreas Karlstadt, mwalimu mwenzake wa Wittenberg, twaisimulia kwa nadra.

Luther alipokuwa amefichwa Wartburg, Karlstadt aliongoza mabadiliko ya ibada. Siku ya Krismasi 1521 aliadhimisha Chakula cha Bwana bila mavazi ya kipadre, akawapa washarika mkate na kikombe pia. Machi 1522 Luther alirudi, akahubiri siku nane mfululizo kwamba walio dhaifu wasiburutwe kwa nguvu. Mafundisho hayo yalikuwa mema. Lakini mwezi uliofuata Chuo Kikuu kilizuia kitabu cha Karlstadt kilichokuwa kikipigwa chapa. Agosti 1524 wawili hao walikutana mjini Jena, na Luther akampa sarafu ya dhahabu iwe ishara kwamba yu huru kuandika dhidi yake. Siku chache baadaye, Luther alipozungumza na washarika wa Orlamünde, ambako Karlstadt alikuwa akihudumu, hakukubali Karlstadt mwenyewe awepo. Mwezi Septemba watawala wa Saksonia walimfukuza nchini.

Tusimwonee Luther. Thomas Müntzer alikuwa akiwachochea watu, na vita vya wakulima vilikuwa mlangoni. Tena mwaka 1525 alimficha Karlstadt nyumbani mwake, akamwombea ruhusa ya kukaa Saksonia, kwa sharti la kunyamaza. Mwaka 1529 Karlstadt alikimbia, na mwaka 1541 akafa Basel akiwa mwalimu wa Chuo Kikuu. Hata hivyo yatupasa kuuliza: mwamuzi alikuwa nani? Mshitaki na mshauri wa watawala alikuwa mtu yule yule.

Mwaka 1537 Melanchthon, katika hati juu ya mamlaka ya Papa iliyomo katika Vitabu vya Ungamo, aliwalaumu maaskofu kwa kuwatenga watu pasipo kufuata utaratibu wa haki. Lawama hiyo yatuhusu na sisi. Nimepata kuketi katika baraza la wazee ambalo jina la msharika lilitangazwa kanisani kabla mwenyewe hajaitwa. Hakurudi tena.

Mathayo 18 inaanza na watu wawili faraghani, si na tangazo. Kwa hiyo anayeonywa aambiwe kosa lake, asikilizwe mbele ya wazee, na aonyeshwe njia ya kurudi kundini. Mchungaji aliyegombana naye akae kando, wengine waamue. Funguo tulizokabidhiwa si zetu, nasi tutatoa hesabu kwa Mwenyewe.