Walimu wa Masasi Katika Vita Kuu ya Kwanza
Kabla ya mwaka 1914, vijana wa Masasi walisomea ualimu Kiungani, Unguja, katika Chuo cha Mtakatifu Andrea cha misheni ya UMCA. Vita ilipozuka, Masasi ilikuwa chini ya Wajerumani na Unguja chini ya Waingereza. Njia ya chuoni ikafungwa. Wamisionari Waingereza waliwekwa kizuizini, na mapadri na walimu Waafrika wakabaki kulitunza kanisa na shule zake.

Novemba 1917 mapigano yalifika Chiwata, na tarehe 25 majeshi ya Wajerumani yalivuka Mto Ruvuma. Amani iliporejea, elimu ilijengwa upya juu ya msingi uliotunzwa na wahitimu hao. Mwaka 1925 chuo kilihamia Minaki, Kisarawe.