Maji Hupeleka, Hewa Huhifadhi

Chukua mabomba mawili ya sindano, uyaunganishe kwa mpira mwembamba na kuyajaza maji. Ukisukuma pistoni ya bomba moja, ya pili hutoka papo hapo. Yajaze hewa usukume tena: pistoni ya pili husita, kisha huchomoka kwa kishindo. Kusita huko ni akiba.

Hewa ndiyo iliyotangulia kuwashangaza wataalamu. Katika karne ya 3 KK, huko Aleksandria, Ktesibios, mtoto wa kinyozi, alibuni pampu ya kusukuma maji na kinanda ambacho maji yaliituliza hewa ili sauti isiyumbe. Baadaye Heron, wa mji uleule, alieleza bomba la kufyonzea usaha, akadai kuwa hewa ni chembe zenye nafasi tupu baina yake. Ndiyo maana hubanwa, na ikiachiwa hurudi ilivyokuwa.

Ulaya ya karne ya 17 ilileta vipimo. Mwaka 1662 Robert Boyle alionyesha kwamba hewa ikibanwa kwa shinikizo maradufu, ujazo wake hubaki nusu. Mwaka uliofuata kikachapishwa kitabu cha Blaise Pascal, aliyekuwa ameshafariki. Humo alieleza chombo kilichojaa maji chenye matundu mawili, moja kubwa mara 100 ya jingine: mtu mmoja akisukuma pistoni ndogo huwakabili watu 100 wanaosukuma ile kubwa. Bei yake ni mwendo, kwani pistoni kubwa husogea sehemu moja tu kwa kila sehemu 100 za ile ndogo. Maji nayo hubanyika, kama John Canton alivyothibitisha mwaka 1762, lakini kwa uchache mno: shinikizo mara 100 ya lile la angahewa huyapunguza kwa takribani nusu asilimia tu.

Wazo la Pascal lilisubiri zaidi ya karne moja, kwa kuwa pistoni zilivuja. Mwaka 1795 Joseph Bramah alipata hataza ya mashine ya kukandamiza kwa maji jijini London. Fundi wake Henry Maudslay ndiye anayesifiwa kwa kuziba mwanya kwa kikombe cha ngozi ambacho shinikizo lenyewe hukibana ukutani. Mwaka 1849 mashine za aina hiyo ziliinua mapande ya chuma ya daraja la Britannia kule Wales.

Upungufu wa maji ulijitokeza bandarini. William Armstrong alitengeneza winchi za maji kuanzia miaka ya 1840, lakini maji, kwa kuwa hubanyika kwa uchache mno, hayaweki nguvu. Ilibidi aitafutie ghala: kule Grimsby ulijengwa mnara wa takribani mita 94 wenye tangi juu, na penginepo alisimamisha silinda yenye pistoni iliyobebeshwa mzigo mzito. Uzito ukawa ndio akiba ya maji.

Hewa haihitaji ghala la namna hiyo. Katika reli ya Marekani, George Westinghouse alianza mwaka 1869 na breki iliyosukumiwa hewa kutoka kwenye injini. Bomba likikatika, breki hufa. Miaka michache baadaye akaligeuza jambo: kila behewa likapewa tangi lake la hewa iliyobanwa, na shinikizo la bomba likishuka, hewa ya tangi huzifunga breki zenyewe. Ajali iliyokata bomba sasa ilisimamisha treni.

Mgawanyo huo wa kazi kati ya maji na hewa umebaki barabarani hadi leo. Gari dogo hutumia mafuta ya breki, yaliyoyarithi maji kwa kuwa hayaleti kutu upesi wala hayachemki haraka. Dereva akikanyaga, nguvu hufika hapohapo. Hewa ikiingia humo, pedali hulegea, na fundi hana budi kuitoa. Lori na basi kubwa hufungwa breki za upepo, kwa sababu tangi la hewa hutunza nguvu ambayo mguu wa dereva hauna. Fundi anayeitoa hewa kwenye gari dogo asubuhi na kuijaza kwenye lori jioni hajipingi: kwanza alitaka nguvu ifike, baadaye akataka ingoje.