Risiti Ndani ya Amplifaya

Amplifaya ya babu ilinyamaza kabla ya Krismasi. Ukiiwasha, taa inawaka, unasubiri ule mlio wa rilei, tak!, husikii kitu. Rilei ndiyo bawabu wa spika. Huziunganisha sekunde chache baada ya kuwasha, lakini ikihisi umeme kama wa betri unatoka badala ya sauti, inagoma.

Basi niliichomoa, nikasubiri kapasita ziishe chaji, nikafungua skrubu. Upande wa ndani wa kifuniko palikuwa na karatasi ya nailoni iliyobandikwa kwa seloteipu iliyogeuka rangi ya chai. Ndani yake, risiti ya 1979.

"Shosho, mbona babu aliweka risiti huku?"

"Usiitoe," akasema. "Wewe hukuwa umezaliwa."

Jumapili, Agosti 1, 1982, wanajeshi wa anga waliiteka Sauti ya Kenya, wakamchukua Leonard Mambo Mbotela nyumbani kwake akatangaze kwamba serikali imepinduliwa. Jaribio hilo lilizimwa siku hiyo hiyo, lakini maduka mengi ya Nairobi yalikuwa tayari yamevunjwa na kuporwa. Kisha ikaja misako ya nyumba kwa nyumba.

Kule Jericho, shosho anasema, swali lilikuwa moja tu: risiti iko wapi? Jirani yao alikuwa amenunua redio kwa pesa zake halali, ila karatasi alishatupa zamani. Ilibebwa, naye akabebwa. Alirudi baada ya wiki tatu, redio haikurudi. Babu alionyesha risiti yake, wakaenda zao. Usiku huo akaifungua mashine na kuificha humo, zisiachane tena.

Shuleni tulisoma juu ya Hezekiah Ochuka, aliyenyongwa 1987. Redio ya jirani haikuwa kwenye kitabu. Na mimi, ambaye nimesikiliza muziki kwenye ile amplifaya tangu utotoni, sikuwahi kuuliza kwa nini babu hakumruhusu fundi yeyote kuibeba hadi dukani kwake. Ilitengenezwa sebuleni, mbele ya macho yake.

Nami niliitengeneza hapo hapo. Mita ilionyesha volti 38 upande wa kulia, mahali panapofaa kuwa karibu sufuri. Transista moja ya kusukuma spika ilikuwa imepiga shoti. Nilienda Luthuli Avenue nikanunua jozi nzima, pamoja na rezista iliyoungua nayo. Kabla ya kuiamini, nilipitisha umeme kwanza kwenye balbu ya wati 100, zile za zamani. Ingebaki inawaka kwa ukali, ningejua shoti bado ipo. Iliwaka, ikafifia.

Tak!

Shosho hakusema lolote juu ya sauti. Alisimama pale hadi akaona nimeirudisha risiti mahali pake, ndipo akanipa skrubu.