Kiungo cha Nesitu
Neno kiungo, ambalo hutaja mahali mfupa unapokutana na mwenzake na pia chochote kinachoshikamanisha vitu viwili vilivyotengana, laifaa barabara ipitayo Nesitu, kusini-mashariki ya Juba, ikielekea Nimule kwenye mpaka wa Uganda. Barabara hiyo ya kilomita 192, iliyokamilishwa kwa lami mwaka 2012 kwa fedha za Marekani, ndiyo njia ambayo Sudan Kusini, nchi isiyo na bahari, huitegemea kwa unga wa Uganda na mafuta yaliyoshushwa Mombasa. Mkataba wa kujiunga na Jumuiya ya Afrika Mashariki, uliotiwa saini Dar es Salaam mwaka 2016, ulithibitisha tu ujirani ambao madereva, wachuuzi na wakimbizi waliorejea na Kiswahili vinywani walikuwa wamekwisha kuuunga.