Samaki Aliyekataliwa na Dereva wa Teksi



Sisi tuliosoma Mafiga tulijua samaki wa namna mbili: perege wa bwawa la Mindu, na papa mkavu ambaye harufu yake ilifika bwenini kabla ya kengele ya chakula. Kwa hiyo namwelewa yule dereva wa teksi wa East London, Afrika Kusini, aliyegoma kupakia samaki tarehe 22 Desemba 1938.

Mwenye mzigo alikuwa Bibi Marjorie Courtenay-Latimer, mtunza makumbusho. Samaki alikuwa wa buluu, kilo 57, mapezi yameota kama vikono. Dereva alibembelezwa akakubali. Chumba cha maiti kikakataa, na ghala la barafu likakataa. Ikabidi akaushwe, matumbo yakatupwa. Profesa J.L.B. Smith alipotambua kuwa huyo ni silikanti, aina iliyodhaniwa imetoweka zaidi ya miaka milioni 65 iliyopita, cha kuchunguza ndani hakikuwapo tena.

Smith akasambaza matangazo yenye picha, zawadi pauni 100. Ikapita miaka 14. Desemba 1952, kisiwani Nzwani, Komoro, mvuvi Ahamadi Abdallah alipeleka samaki wake sokoni Domoni. Mwalimu wa shule, Affane Mohamed, alikuwa amelisoma tangazo lile, akamtambua. Samaki akavushwa milima hadi Mutsamudu kwa nahodha Eric Hunt, na Waziri Mkuu Malan, yule yule wa ubaguzi wa rangi, akatoa ndege ya jeshi kumfuata. Mimi mtumishi wa Serikali najiuliza fomu zilijazwa ngapi!

Wakomoro walimjua siku zote kwa jina la gombessa. Nyama yake hawakuithamini, na inasimuliwa kwamba magamba yake yalikwaruzia mipira ya baiskeli kabla ya kuziba pancha.

Kwetu alithibitishwa mwaka 2003, katika bahari ya Kilwa. Mwaka uliofuata wavuvi wa Tanga wakaanza kumnasa katika majarife ya papa yaliyoshushwa kina kirefu, na mwaka 2009 ikaundwa huko Hifadhi ya Bahari ya Silikanti. Jarife halichagui, naye akitolewa kilindini ni nadra kupona. Wataalamu walikadiria mwaka 2021 kwamba huishi hata miaka 100, na jike hubeba mimba kama miaka mitano: mtoto aliyetungwa mkiingia kidato cha kwanza huzaliwa mkiwa kidato cha tano.