Si chura, wala hana ngao

Mwaka 1959, mtaalamu wa visukuku wa Uingereza, A. L. Panchen, alimpa jina mnyama aliyetoweka ambaye mifupa yake ilipatikana bonde la Ruhuhu, kusini mwa Tanzania: Peltobatrachus. Jina ni la Kigiriki. Pelte ni ngao ndogo, batrachos ni chura. Ukilitafsiri hivyo hivyo unapata “chura wa ngao”, na hapo unapotea mara mbili.

Chura hakuwa. Aliishi zaidi ya miaka milioni 250 iliyopita, kabla ya chura wa kwanza tunayemjua. Alikuwa amfibia mwenye mkia, na urefu wake ulikaribia sentimita 70.

Ngao nayo hushikwa mkononi, ilhali huyu alivaa kinga yake mwilini. Mabamba mapana ya mfupa yalifunika mabega na nyonga. Katikati yalikuwa membamba, yamepangwa safu kwa safu kukatiza mgongo, ili mwili upate kupinda. Juu yake yalijaa vinundu, ndiyo maana jina lake la pili ni pustulatus. Magamba ya kakakuona yameumbwa kwa kitu kile kile cha kucha. Mabamba haya, kinyume chake, yalikuwa mfupa mtupu. Wataalamu wanaamini aliishi zaidi nchi kavu, pengine akila wadudu na minyoo.

Vazi la namna hiyo Kiswahili kinaliita deraya. Wahariri wa vitabu vya sayansi, mwandikeni “amfibia wa deraya”.